Mkia wa Foleni: Shajara ya Kupima Ucheleweshaji wa Magari kwenye Taa za Barabarani

4 Februari: Swali na vifaa

Swali ni jepesi kulitamka: kwenye makutano yenye taa, gari moja hupoteza wastani wa sekunde ngapi? Nimechagua mkono mmoja tu wa makutano ya njia nne, wenye leni moja ya kwenda mbele. Wanaopinda wana leni yao na siwagusi. Taa zinaenda kwa muda uliopangwa, hazina vihisio chini ya lami. Mzunguko mzima ni sekunde 90: kijani 36, njano 3, zilizobaki nyekundu. Nimezipima mizunguko kumi mfululizo, hazikuyumba. Anayefuata shajara hii kwenye taa zenye vihisio ajue kwamba atalazimika kuandika urefu wa kijani cha kila mzunguko, na kazi itaongezeka maradufu.

Kijani unachokiona sicho kijani kinachotumika. Madereva wa kwanza hupoteza kama sekunde 2 wakishtuka na kuondoka, na mwishoni wengine huendelea kupita njano ikiwa imeshawaka. Hapa hasara ya mwanzo na faida ya mwisho zimekaribiana, kwa hiyo nimebakiza 36.

Vifaa: simu mbili zenye kamera, kibao, penseli, jedwali la Excel. Watu ni wawili, mimi na mdogo wangu wa kazini ambaye ana macho mazuri kuliko yangu.

Jambo moja nililiandika juu kabisa ya daftari. Kuna muda ambao gari limesimama tuli, na kuna muda wote ambao taa zimelinyang'anya: kupunguza mwendo, kusimama, kujivuta, hadi kurudia kasi yake. Wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza. Kanuni ya zamani ya kukisia ni kuzidisha wa kwanza kwa 1.3. Ninaoutafuta ni wa pili. Nimeliandika hivyo kwa sababu najijua, nitasahau. (Nyongeza ya Machi: nilisahau.)

Gharama: saa 1.

6 Februari: Hesabu ya mezani, na jibu zuri lisilo sahihi

Kabla ya kwenda barabarani nilitaka kujua nitegemee nini. Nilianza na fomyula ambayo mtafiti Mwingereza F. V. Webster aliichapisha mwaka 1958, na ambayo bado ndiyo mlango ambao wengi huingilia:

d = C(1 − λ)² / [2(1 − λx)] + x² / [2q(1 − x)]

d ni sekunde ambazo gari moja hupoteza kwa wastani, C ni urefu wa mzunguko, λ ni sehemu ya mzunguko yenye kijani (hapa 36/90 = 0.4), q ni magari yanayofika, x ni yanayofika ukigawa kwa yanayoweza kupita. Kipande cha kwanza ni gharama ya kukuta nyekundu hata kama magari yangefika kwa mpangilio wa shanga. Kipande cha pili ni gharama ya kufika ovyoovyo. Kuna na kipande cha tatu cha kupunguza, ambacho huwa kati ya asilimia 5 na 15 ya jumla, kwa hiyo wengi hukiacha na kuzidisha viwili vya mwanzo kwa 0.9.

Hesabu ya haraka ya jana yake ilitupa magari 620 kwa saa. Kwa uwezo wa leni nilichukua 1,900 kwa saa ya kijani mfululizo, namba ya kuanzia iliyomo kwenye Highway Capacity Manual, mwongozo wa Marekani wa kupima uwezo wa barabara (kuanzia hapa nauita tu mwongozo). Uwezo wa mkono ni 1,900 × 0.4 = 760, na x = 0.82.

Jedwali likanipa sekunde 24, kabla ya kuzidisha kwa 0.9. Nikafurahi, nikaenda kulala.

Asubuhi nikaangalia vipande kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa sekunde 24. Cha pili kilikuwa sekunde 0.003. Yaani magari kufika ovyo hakukugharimu chochote! Kosa: q ya Webster ni magari kwa sekunde, mimi niliweka 620. Ukigawa kwa 3,600 unapata 0.172, na kipande cha pili kinakuwa sekunde 10.5. Jumla mara 0.9 ni sekunde 31. Kosa hili ni baya kwa sababu halipigi kelele. Lingetoa sekunde 4,000 ningelikamata papo hapo. Lilitoa 24, namba inayofanana na ukweli. Tangu hapo kila kipande kina safu yake kwenye jedwali.

Gharama: saa 3, mbili zikiwa za kutafuta kosa.

11 Februari: Siku ya kwanza barabarani, yote imetupwa

Njia tuliyoifuata ni ya kuhesabu foleni. Kila baada ya muda maalumu unaandika ni magari mangapi yapo kwenye foleni wakati huo. Ukimaliza, unajumlisha hesabu zote, unazidisha kwa urefu wa ule muda, unagawa kwa magari yaliyofika, halafu unazidisha kwa 0.9 kwa sababu binadamu akihesabu foleni namna hii huelekea kuzidisha.

Mwongozo unataka muda wa sekunde 10 hadi 20. Tulichagua 30 ili mhesabuji apumue. Tutalirudia hili keshokutwa.

Ubishi ulianza dakika ya nne. Foleni imeanza kutembea, lori la sita linajivuta taratibu kuelekea mstari.

"Kaka, hilo limeshatoka kwenye foleni, linatembea."

"Tairi za nyuma zimevuka mstari?"

"Bado."

"Basi limo."

Kanuni ndiyo hiyo, na inafaa kukubaliwa kabla ya kutoka nyumbani: gari linaingia kwenye foleni likibakiza nafasi ya gari moja kumfikia aliyesimama na lenyewe likiwa linakwenda kusimama, likishaingia, limo hadi ekseli yake ya nyuma ivuke mstari wa kusimamia. Kutembea hakulitoi. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuyaacha yote yaliyokuwa yakitembea, kwa hiyo dakika nne zile zilikwenda na maji.

Dakika ya tisa akatokea askari, akasimama katikati, akaanza kuvusha magari kwa mkono. Nyekundu ilikuwa inawaka na magari yanapita. Alifanya kazi nzuri, foleni iliisha. Ila alichovusha si cha taa, na mimi napima taa. Tukafunga daftari.

Gharama: saa 4 za watu, matokeo sifuri.

13 Februari: Kwa nini sekunde 30 hazifai

90 inagawanyika kwa 30 bila baki. Maana yake kila mzunguko tulikuwa tunachungulia foleni kwenye nukta zilezile tatu. Nilitaka kujua kosa lina ukubwa gani, nikachora pembetatu kwenye karatasi: foleni inapanda tangu kijani kinachotumika kinapoisha hadi sekunde ya 54, inafika magari 9.3, kisha inashuka na kuisha karibu sekunde ya 87. (Nimetumia magari 620, na mwendo wa kutoka ule tuliokuja kuupima tarehe 18, namba hii niliirekebisha baadaye.) Wastani halisi wa foleni hiyo ni magari 4.49.

Ukichungulia sekunde ya 24, 54 na 84, wastani unaokupata ni 4.76, umezidi kwa karibu asilimia 6. Ukichungulia kila sekunde 45, na bahati mbaya ikakuweka kwenye sekunde ya 9 na ya 54, unapata 5.4, umezidi kwa asilimia 20 na huna namna ya kujua, kwa sababu hata ukikaa saa tatu hesabu zitakuwa na sura ileile. Kukaa muda mrefu hakutibu kosa la aina hii.

Tumechagua sekunde 16. 90 kwa 16 haikubali, kwa hiyo nukta zinatembea ndani ya mzunguko na kurudi zilipoanza baada ya mizunguko minane.

Zawadi ya mchoro: 4.49 ukigawa kwa magari 0.172 kwa sekunde unapata sekunde 26.1, ambayo ni kipande cha kwanza cha Webster hasa. Wastani wa foleni ni sawa na kasi ya kufika mara wastani wa kungoja. John Little aliuthibitisha uhusiano huu mwaka 1961, na ndio unaofanya kuhesabu vichwa vya magari kuwe kupima muda.

Gharama: saa 1 na karatasi ya nyuma ya daftari.

18 Februari: Sehemu tatu za kumi za sekunde

Leo kazi ilikuwa moja: magari yaliyokuwa kwenye foleni yanaachana kwa muda gani yakipita mstari? Unaanza na gari la nne linapovuka, unaishia na la mwisho lililokuwa limesimama, unagawa muda kwa idadi. Manne ya mwanzo unayaruka kwa sababu yana uzito wa kuamka.

Jibu la kwanza: sekunde 2.5. Yaani leni inapitisha 1,440 kwa saa ya kijani, uwezo wa mkono ni 576 kwa saa. Lakini tulikuwa tumehesabu magari 620 yakipita! Hakuna mlango unaopitisha watu wengi kuliko upana wake. Tukarudia video. Nilikuwa nimepima hadi kijani kinaisha, nikawaingiza na waliokuja wakati foleni imeshaondoka, ambao walipita kwa nafasi zao wala hawakungoja mtu. Hao wanarefusha wastani bila haki. Tulipowatoa, mizunguko 12 ilitoa sekunde 2.2.

3,600 kwa 2.2 ni 1,636. Uwezo wa mkono unakuwa 654 na x inapanda kutoka 0.82 hadi 0.95. Nikarudisha namba hiyo kwa Webster:

Muda wa gari hadi gari 1.9: ucheleweshaji sekunde 31.
Muda wa gari hadi gari 2.2: ucheleweshaji sekunde 68.

Magari ni yaleyale 620, taa ni zilezile. Sehemu tatu za kumi za sekunde, ambazo huwezi kuziona kwa jicho, zimezidisha jibu zaidi ya mara mbili. Sababu ni (1 − x) iliyoko chini ya kipande cha pili: ilikuwa 0.18, sasa ni 0.05. Ukigawa kwa kitu kinachokaribia sifuri, kila punje unayokosea inakuwa mlima. Kama una saa mbili tu za kuwa barabarani, nakushauri zote zitumie kupima namba hii. Ile ya kitabuni ni ya leni iliyonyooka, pana, isiyo na lori.

Gharama: saa 6 za watu.

20 Februari: Majibu matatu yasiyosalimiana

Kwenye video ya juzi tulihesabu pia foleni, kila sekunde 16, dakika 15. Hesabu 56, jumla yake 413. Magari yaliyopita mstari 155.

0.9 × 16 × 413 / 155 = sekunde 38.4

Hapo panaongezwa kidogo kwa ajili ya kupunguza na kuongeza mwendo, ambako kuhesabu foleni hakukuoni. Waliosimama walikuwa 131, yaani 13 kwa mzunguko. Kwa barabara ya kasi isiyozidi kilomita 60 kwa saa na idadi hiyo, jedwali la mwongozo linatoa sekunde 2 kwa kila aliyesimama. 131/155 × 2 = 1.7. Jumla sekunde 40.

Webster alisema 68. Nikajaribu fomyula ya mwongozo wa Marekani. Kipande chake cha kwanza kinafanana na cha Webster. Cha pili ni:

900T × [(X − 1) + √((X − 1)² + 4X/(cT))]

X ni ileile x ya Webster, T ni urefu wa kipindi kwa saa, hapa 0.25, na c ni uwezo wa mkono. Ile 4 ni ya taa za muda uliopangwa zilizo peke yake. Taa za aina nyingine zina namba yake. Ikatoa 26.1 + 24.4 = sekunde 50.5.

Tofauti ya 68 na 50 ilinieleweka haraka. Webster anadhani hali hii imekuwepo tangu dunia iumbwe na itaendelea, hivyo foleni imepata muda wote inaoutaka wa kukua. Ya pili inaijua saa: kwa dakika 15 foleni haiwezi kufika mbali hivyo. Ndiyo sababu mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ya 1980 watafiti, wakiwemo Kimber na Hollis wa Uingereza na Akçelik wa Australia, walifanyia kazi fomyula zenye muda ndani yake.

Tofauti ya 50 na 40 haikunieleweka. Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba fomyula inatia chumvi. Mdogo wangu akauliza swali ambalo ilinipasa mimi niliulize: "Kaka, lile gari la kumi na mbili, nyuma yake kulikuwa na nini?"

Nyuma yake kulikuwa na kona.

Nikapitia safu ya hesabu. 9, 11, 12, 12, 12, 4. Mzunguko baada ya mzunguko foleni yetu inagota kwenye 12 kama mtu aliyegonga dari. Foleni haina tabia hiyo. Hiyo ni tabia ya jicho.

Gharama: saa 2, na aibu kidogo.

4 Machi: Mtu wa pili anakwenda mkiani

Mdogo wangu alikwenda kusimama mita 200 nyuma, ng'ambo ya kona. Mimi nikabaki kwenye mstari. Yeye anaandika kila gari linalomfikia na mkia wa foleni ulipo; mimi naandika kila linalotoka.

Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu ya saa. Tulianza kwa kupungiana mkono, na alipoona mkono wangu lori lilikuwa limepita katikati yetu. Saa yake ilichelewa kwa sekunde ambazo hatukuzijua. Magari yakaonekana kutoka kabla ya kufika. Dawa: tukaanza kurekodi video tukiwa tumesimama pamoja, kamera zote mbili zinaiona taa ikigeuka nyekundu, ndipo akatembea hadi kituo chake video ikiendelea. Mgeuko ule mmoja ndio sifuri ya wote.

Tulianza kuhesabu mwisho wa kijani ambacho hakikubakiza gari. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikuwa shwari. Wa nne ulibakiza magari mawili. Wa tano matano. Mimi mbele sikuona chochote: kila kijani magari kumi na sita yanapita, kila nyekundu nawaona kumi na wawili wangu. Kwa macho yangu hali ilikuwa ileile. Mzunguko wa tisa simu ikaita.

"Kaka, wamenipita. Mkia uko nyuma yangu sasa, ishirini na nne."

Dakika 15: waliofika 176, waliotoka 161, waliobaki 15.

Kwa hiyo ile q niliyoitumia tangu Februari, niliyoihesabu kwa raha kwenye mstari, ilikuwa hesabu ya waliopita na si ya waliokuja. Siku foleni inaisha kila mzunguko, namba hizo mbili ni ndugu. Siku haiishi, hesabu ya mstarini haiwezi kamwe kuonyesha kwamba mkono umezidiwa, kwa sababu mlango haupitishi zaidi ya upana wake. Mwenyewe niliandika hivyo tarehe 18 na sikujisikia. Ukihesabu mstarini unapata x = 0.98. Ukihesabu mkiani unapata 1.08.

Hatukuondoka dakika ya 15. Tuliendelea kuwahesabu wale 15 tu hadi wa mwisho akavuka, bila kuwajali waliokuja baada yao. Ukifunga daftari wakati wapo njiani, unawaingiza kwenye kigawanyo huku kungoja kwao hukuandiki.

Gharama: saa 5 za watu, pamoja na jaribio lililoharibika.

6 Machi: Hesabu upya

Jumla ya hesabu za foleni pamoja na waliochelewa: 865.

0.9 × 16 × 865 / 176 = 70.8, kuongeza 1.9 ya mwendo = sekunde 73

Mtu wa mbele peke yake, kwa video yake ileile, jumla yake ni 498 kwa magari 161: sekunde 44.5. Ni siku hiyohiyo, dakika hizohizo.

Sasa fomyula. Kwa mwongozo, X = 1.076, kipande cha kwanza 27.0, cha pili 57.3, jumla 84. Kipimo chetu ni 73. Tofauti ipo, lakini dakika 15 moja ni mara moja ya kurusha dadu na fomyula inakadiria wastani wa kurusha mara nyingi. Kwa daraja za mwongozo, zinazoanzia A iliyo nzuri hadi F iliyo mbaya kabisa, sekunde 55 hadi 80 ni E na zaidi ya 80 ni F, kwa hiyo tungeweza kubishana siku nzima juu ya herufi. Matoleo ya karibuni yanaukata ubishi: X ikipita 1, ni F.

Kwa Webster niliweka x ya mstarini, 0.98, akanipa sekunde 175. Nikaweka ya mkiani, 1.08, kipande cha pili kikawa hasi 39. Magari yanalipwa muda kwa kupita kwenye taa! Si kosa lake. Fomyula yake ni ya x iliyo chini ya 1, na mimi ningeacha kuitumia mapema zaidi, ikishapita 0.9 hivi.

Gharama: saa 3.

18 Machi: Uigaji, na mkia tena

Nilitaka kuona dadu ikirushwa mara nyingi, nikajenga mkono huu ndani ya SUMO, programu huria ya kuiga mwendo wa magari, iliyoanzia kituo cha anga cha Ujerumani. Ujenzi wenyewe ni wa nusu siku kwa anayefuata mafunzo yake, siurudii hapa. Makosa ndiyo haya.

La kwanza, nilichukua safu ya muda wa kungoja. Ikatoa sekunde 34. Programu huhesabu kungoja pale tu gari likiwa chini ya mita 0.1 kwa sekunde. Kujivuta si kungoja. Yaani nilipima kusimama tuli, kitu nilichojiapia tarehe 4 Februari kuwa sikitaki. Safu sahihi ni ya muda uliopotea: 47.

La pili, madereva wa kompyuta waliachana kwa muda mfupi kuliko wetu. Nikaongeza nafasi ya muda wanayoachiana, kidogo kidogo, hadi wakapita mstari kwa sekunde 2.2. Ikapanda hadi 61.

La tatu lilinifanya nicheke peke yangu. Barabara niliyoichora ilikuwa mita 150. Gari la kawaida la SUMO lina urefu wa mita 5 na huacha nafasi ya 2.5, kwa hiyo leni yangu inajaa kwa magari 20. La 21 haliingii. Programu inalishikilia nje ya dunia hadi nafasi ipatikane, na muda huo unaandikwa kwenye safu nyingine kabisa, ya kuchelewa kuanza safari. Nilikuwa nimeijenga ile kona upya, ndani ya kompyuta. Nilirefusha barabara hadi mita 600 na ile safu ya kuchelewa kuanza ikawa karibu sifuri. Anayeiga kazi hii aifungue safu hiyo kwanza, kabla ya kuangalia kingine.

La nne ni dogo: hata taa ikiwa kijani muda wote, madereva wa kompyuta hupoteza muda kidogo kwa sababu hawaendi kwa ukamilifu. Niliwasha kijani cha kudumu, nikapata sekunde 4, nikazitoa.

Matokeo ya mbegu 20 tofauti za bahati (namba zinazoamua magari yafike ovyo kwa namna gani), kila moja ikiachwa iende hadi gari la mwisho litoke: wastani sekunde 75, ndogo kabisa 53, kubwa kabisa 108. Taa ni zilezile na wastani wa wanaofika ni uleule. Kile kipimo chetu cha 73 kimekaa katikati, nami siwezi kujisifu. Siku nyingine tungerudi nyumbani na 100 na kingekuwa halali vilevile. Kwa hiyo mtu akikupa ucheleweshaji wa dakika 15 moja wenye desimali mbili, desimali zote mbili ni mapambo.

Gharama: saa 14. Kati ya hizo, 9 ni za makosa manne ya hapo juu.

27 Machi: Sekunde nne za kijani

Jedwali likiwa limetulia, nilijaribu jambo moja kwa karatasi tu, taa si zangu. Mkono huu ukipewa kijani cha 40 badala ya 36 ndani ya mzunguko uleule wa 90, uwezo unapanda hadi 727 na X inashuka chini ya 1, hadi 0.97. Ucheleweshaji kwa fomyula ya mwongozo: kutoka sekunde 84 hadi 51.

Sekunde nne hizo lazima zitoke kwa mkono mwingine. Namba nilizonazo za mikono mingine mitatu zote zilihesabiwa kwenye mstari, Februari, kabla sijajua. Mmoja wao unaonyesha x ya 0.97, na sasa namba hiyo naitazama kwa jicho baya. Nimezifuta zote kwenye jedwali.

Kazi inayofuata: mikono mitatu, watu wawili kila mmoja, dakika 15 kwa siku tatu tofauti. Kabla ya siku ya kuhesabu, mmoja wetu atatembea hadi ulipo mwisho wa foleni wakati wa msongamano na kuweka alama ya chaki ukingoni. Mdogo wangu ameshasema yeye hasimami mbele tena.